Mama Pudentienne Hafungi Mlango Ndege Ikiwa Hewani

Leo, tarehe 31 Desemba 1967, Mama Pudentienne wa Nyakabere anastaafu, baada ya miaka ishirini ya kulinda chumba cha kungojea cha kiwanja chetu kidogo cha ndege. Wakubwa wamekuja na kofia zao, wameondoka nazo. Yeye yuko. Wasifu huu tumepewa kuuandika sisi wabeba mizigo, vijana hodari kuliko wote toka Kavimvira mpaka Songo, kwa sababu makarani wanamwogopa.

Kinshasa, Léopoldville ya zamani, iko mbali: kilometa elfu moja na mia tano hivi. Ndege yetu ya propela inakula muda wa saa saba, pamoja na kutua njiani kujaza mafuta. Na watu wa huku hawaachi kumsindikiza msafiri kabla hajafika. Ndege ikiisha kuruka, mama na mashangazi wanabaki kwenye benchi na viazi vyao, mpaka redio ya kiwanja iseme imetua.

Mkuu wa kwanza, Mzungu, aliamuru chumba kifungwe mara ndege ikiruka. Mama akafunga ufunguo kwenye pindo la kikwembe alichojifunga, akamwuliza kama mama yake alirudi kulala siku alipomsindikiza kutoka Ubelgiji. Mzungu akawa mwekundu kama mawese. Uhuru ukaja, na mkuu mpya, mtoto wa kwetu kabisa, akatoa amri ileile. Mama akamcheka: "Weye! Tai umeivaa juzi tu. Ufunguo uache."

Lakini siku yake kubwa ni ile ya Mei 1964. Asubuhi ndege ilimchukua mtoto wa Étienne, mvuvi wa Songo, kwenda hospitali ya Léopoldville. Pumzi ilikuwa inamkatika. Haijafika bado, waasi wakaingia kiwanjani. Kamanda wao akaamuru watu wote watoke na chumba kifungwe. Sisi hodari tulikuwa tumeshalala chini nyuma ya magunia ya chumvi. Étienne akalia: akitoka, nani atamwambia kama mtoto amefika hai?

Mama akaketi kizingitini. "Mwanangu, funga kwanza hewa, kisha uje kwa mulango."

Bunduki ikamwelekea kifuani.

"Piga basi. Lakini minye niko muzito, utanikokota peke yako."

Askari wake mwenyewe wakaangua kicheko. Kamanda akashusha bunduki, akaomba kiazi. Alasiri redio ikasema: imetua, mtoto yuko hai. Ndipo Mama akasimama, akafunga mwenyewe.

Sasa Mkurugenzi wetu, anayesoma haya akikunja uso, ametangaza kwamba kuanzia kesho mlango utafungwa magurudumu yakiacha ardhi. Na kesho, kwa mara ya kwanza maishani, Mama anapanda ndege, kwenda Kinshasa kwa binti yake Marie-Rose.

Asante, Mama. Kula vizuri, lala mchana, usikubali mkwe akupangie kazi. Uzee wako uwe mtamu. Mkurugenzi asihangaike kutafuta ufunguo, tunao sisi. Tutakuwa kwenye benchi, na hatuinuki mpaka redio iseme umeshuka.