Mama Mbelu wa Masikio na Koo, na Habari Aliyoondoka Bila Kuipata

Mama Mbelu Ntumba, muuguzi wa chumba cha masikio, pua, kinywa na koo katika zahanati yetu ya Musonoi, amestaafu tarehe 30 Aprili 1993 baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Ndivyo inavyosema karatasi ya uongozi. Tarehe yake ya kweli ya kustaafu ilikuwa bado mbali, lakini mwaka huu tarehe nyingi hapa Kolwezi zimesogezwa karibu. Nani anayezisogeza tusiulizane, maana jarida hili linasomwa na watu wengi.

Sherehe tuliyoipanga haikufanyika. Maandazi yalikaangwa, kiti kikatandikwa kitambaa, na mwenye kiti hakuja. Siku hiyo alikuwa stesheni na mumewe, Tata Mukendi, wamekaa juu ya mizigo yao katikati ya umati wa watu wenye asili ya Kasai wanaongoja treni ya kuwaondoa kwa nguvu mkoani Katanga. Kwa hiyo wasifu huu, ambao ulipaswa kusomwa mbele yake huku akitukatiza na kutusahihisha, unaandikwa akiwa ameshakwenda. Tunauandika haraka kwa sababu kuna mtoto mmoja ambaye Mama Mbelu alimwacha kati ya uhai na kifo, na mpaka leo hajui mtoto huyo alifikia wapi. Hatuna njia nyingine ya kumwambia.

Tuanze na mwanzo, kama desturi. Alizaliwa hapa hapa Musonoi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, zamani za Wabelgiji. Wanaosema kwamba Mama Mbelu anarudi kwao wamepotea njia: kwao ni nyuma ya kanisa, na huko anakopelekwa hajawahi kukanyaga. Mwaka 1965 aliajiriwa kufua bendeji. Masista waliokuwa wakiendesha zahanati wakaona kwamba msichana huyu, kila anapopita na beseni, anawauliza wagonjwa maswali ambayo hakuna aliyemtuma kuuliza. Wakamtoa kwenye bendeji, wakamfundisha kazi.

Maswali hayo ndiyo yaliyomfanya awe Mama Mbelu. Tochi yake ilikaa mfukoni hadi mwisho. Kwanza ulipaswa kusema. Inauma upande mmoja au pande zote mbili? Ilianza lini, na kabla ya hapo ulikuwa na mafua? Inauma ukimeza, au hata ukikaa tu? Mgonjwa aliyeingia akisema “nina malaria ya sikio” alirudishwa nje kwa upole wa juu juu, akatafakari, akaingia tena na maelezo yaliyonyooka. Wengine walimwona mkali. Alikuwa mkali kweli, tusimpake sukari, na mtu aliyegusa kikombe chake cha chai alijuta.

Sisi tuliofanya kazi naye tulijifunza kusikiliza foleni. Mtoto anayetokwa na kamasi zenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua hana mafua, kwa kuwa mafua huziba pande zote. Mtoto huyo ameingiza kitu. Mama Mbelu alitoa maharagwe, vifungo vya shati, na mara moja ushanga wa malakiti, lile jiwe la kijani ambayo watoto wa migodini huokota njiani. Mama wa mtoto alitaka kuurudisha ushanga kwenye mkufu wake siku ile ile. Mama Mbelu akampa, baada ya kuuchemsha mbele yake.

Akina mama walifurahi sikio la mtoto lilipoacha kuuma ghafla baada ya homa na kilio. Yeye ndipo alipoanza kuwa na wasiwasi. Alimwuliza mama kama mto wa kulalia umelowa, na ukiwa umelowa usaha, alijua kwamba ngoma ya sikio imepasuka na kazi ndiyo kwanza inaanza: kukausha kwa pamba, dawa, na mafuta ya mawese yabaki jikoni. Vita vya 1978 vilipoingia mjini, alihudumia wengi waliopasuka ngoma kwa milipuko. Wote walitaka wadondoshewe kitu sikioni, na wote aliwakatalia. Sikio lililotoboka libaki kavu, alisema, lijizibe lenyewe.

Tata Ngeleka, fundi wa mashine za kutoboa mwamba, alikuja siku moja kumshtaki mkewe kwamba amepoteza sauti. Mama Mbelu aliuliza maswali mawili tu. Kumbe ilianza baada ya kuoga, ghafla, bila maumivu. Hiyo ni nta ya sikio iliyovimba kwa maji, si ule uziwi wa wachimbaji unaokuja polepole masikio yote mawili, ukiambatana na mlio kichwani, na ambao hauna dawa. Alilainisha nta kwa mafuta, akaosha kwa maji ya vuguvugu. Tata Ngeleka akarudi nyumbani, akagundua kwamba mkewe alikuwa anamgombeza tangu Pasaka. Kwa muda mrefu alimlalamikia Mama Mbelu kwa tiba hiyo kila walipokutana sokoni.

Koo ndilo lililomnyima usingizi. Koo linalouma pamoja na kikohozi na makamasi halikumtisha; maji ya chumvi, chai, siku chache. Utando mweupe kinywani mwa mtoto mchanga, usiofutika kama maziwa, aliutibu huku akimtania mama. Lakini mtu mzima anayeongea kana kwamba ana kiazi cha moto mdomoni, mdomo haufunguki vizuri, maumivu yamepanda sikioni upande mmoja, huyo ana usaha nyuma ya findo na hospitali ni leo. Na juu ya wote hao kulikuwa na mtoto mmoja ambaye alituonya habari zake mwaka baada ya mwaka: yule anayekaa ameinama mbele, kidevu nje, mate yanamtiririka kwa kuwa hawezi kuyameza, na pumzi inalia ikiingia. Huyo, alisema, usimwangalie kinywani. Ukigusa ulimi wake, njia ya hewa inaweza kufunga pale pale. Sisi tuliitikia kwa adabu. Katika miaka yangu yote chumbani mwake sikuwahi kumwona mtoto wa namna hiyo, na nilianza kudhani ni wa kututishia tu.

Nilimwona stesheni. Nilikwenda na mwenzetu Omer kumpelekea Mama Mbelu kitenge cha zawadi, baada ya sherehe kukosa mwenyewe. Tulimkuta akifanya kazi. Watu walikuwa wameshajipanga mbele ya mizigo yake, watu wa Kasai wenye vikohozi vya vumbi na masikio ya baridi, na hata akina mama wawili wa Katanga waliopenya kutoka mjini kwa sababu hawakumwamini mtu mwingine. Tata Mukendi alimsihi aache, kwani vijana waliofunga mlango wa stesheni kwa kizuizi walikuwa wanauliza foleni hiyo ni ya nini. Hakuacha.

Kisha tukasikia zogo nyuma. Mama mmoja kijana wa Kasai, Joyeuse, alikuwa amempakata binti yake Abigaëlle, wa miaka minne, aliyeamka mzima asubuhi. Bibi mmoja alikuwa ameshika mpini wa kijiko, ameupaka chumvi, anataka kumwinua mtoto kilimi, kimeo cha kooni, kama wanavyofanya wazee wetu wote koo la mtoto likiuma. Mtoto ameinama mbele, mate yanatiririka. Mama Mbelu alimshika bibi mkono kwa nguvu hadi kijiko kikaanguka.

“Mama, hapana kumugusa,” akamwambia. “Hii haiko kilimi.”

Hospitali haikuwa mbali, ila kizuizi kilikuwa kati. Mtu wa Kasai aliyetoka stesheni alipigwa, au hakurudi. Mama Mbelu alianza kufunga kitambaa kichwani ili aende mwenyewe, na hapo treni ikapiga honi, na Tata Mukendi akamshika bega. Nilimwona akitazama treni, akimtazama mtoto, akinitazama mimi. Mimi ni Muluba wa Katanga, wa kaskazini. Kwa asiye wa Kasai kizuizi kilikuwa wazi. Akamtoa mtoto mikononi mwa mama yake, akaniwekea kifuani, wima.

“Hapana kumulalisha,” akasema. “Hapana kumuangalia mu kinwa. Asilie. Ukifika, sema tu: hawezi kumeza mate, na pumuzi inalia. Docta atajua.”

Joyeuse alinifuata hatua chache. Mama Mbelu akamzuia kwa kumkumbatia.

Omer aliendesha baiskeli yake, mimi nyuma na mtoto. Kwenye kizuizi kijana mmoja alishika usukani.

“Hii mutoto ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Juu ya nini hasemi? Asalimie.”

“Iko mugonjwa ya koo.”

“Afungule kinwa, tuone.”

Akanyoosha mkono kumshika mtoto taya. Sijawahi kuogopa namna hiyo maishani, na sioni aibu kuliandika. Nikamwambia aangalie shati langu lilivyolowa mate. Nikamwambia, “Ukimufungula kinwa na nguvu, pumuzi itakatika, atakufia mu mikono. Weye njo utamupeleka kwa mama yake?” Alilitazama shati. Aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali ingawa haukuwa umegusa kitu. Akaachia usukani.

Hospitalini nilisema maneno yale mawili, kama nilivyoagizwa, na daktari wa zamu hakuuliza la tatu. Kile kifuniko kidogo cha njia ya hewa, nyuma ya ulimi, kilikuwa kimevimba. Walimtoboa mtoto chini ya koo, wakamwekea bomba apumulie. Tulipotoka nje, Omer na mimi, tulisikia treni ikiondoka.

Watu waliobaki stesheni wametusimulia kwamba Mama Mbelu alipanda wa mwisho. Alisimama mlangoni mwa behewa akimwuliza kila aliyetoka upande wa mjini kama amemwona mwanamume kwenye baiskeli na mtoto. Hakuna aliyekuwa amemwona. Joyeuse alikataa kupanda bila binti yake. Kesho yake masista walimvusha kwa gari lao hadi hospitalini, na amekuwa akilala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto tangu siku hiyo.

Tangu treni ile iondoke hatujapata neno. Tunasikia kwamba treni zinasimama porini siku nzima bila maji, kwamba wengine hushushwa njiani. Tunasikia mengi, na kila anayesimulia anaongeza la kwake. Chumba chake tumekifunga kwa sasa, kwa kuwa kila anayeingia anauliza mwenyewe yuko wapi. Vijana wa kizuizi wanawaita watu wa Kasai bilulu, wadudu. Sisi tulikunywa chai na mmoja wa hao wanaoitwa wadudu miaka mingi, na hasira zetu tunazimeza kwa kuwa tuna watoto. Hilo nalo liandikwe.

Wiki ijayo, wakijaliwa nafasi, Joyeuse na Abigaëlle wataondoka kwa treni inayofuata. Watabeba nakala ya jarida hili, na nakala nyingine tumewapa wasafiri wa Mwene-Ditu na wa Kananga, huko Kasai, ili mmoja wao amkute Mama Mbelu.

Mama Mbelu, zahanati nzima inakushukuru: kwa masikio ya Musonoi yanayosikia, kwa pua zinazopumua, kwa maswali yako, hata kwa ukali wako wa kikombe. Wastaafu waliokutangulia tuliwatakia mapumziko mema, bustani nzuri na wajukuu wengi. Kwako tunaanza na mengine. Bomba limetolewa, kidonda kinafunga, na jana Abigaëlle aliomba bukari na samaki, akala ugali, akameza, akamaliza. Yuko hai. Wewe hatujui. Ukifika popote, mtume mtu yeyote anayekuja huku atuambie. Na hadi hapo, Mama, tunakutakia kufika.

Mbuyu Stany, muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi wote