Mzee Kimaiyo na Kikombe cha Maziwa

Tarehe 31 Machi 1959 Mzee Kimaiyo, msimamizi wa tanuri, anastaafu kutoka kiwanda chetu cha kukaushia pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, hapa Molo, baada ya miaka ishirini na minne ya kazi. Tanuri litabaki, ingawa yeye ana shaka kama litawaka bila yeye.

Alianza akiwa mpasua kuni. Alipokabidhiwa tanuri alilifanya boma lake: hakuna aliyegusa mlango wake bila ruhusa, meneja akiwamo. Magunia yake yalifika Nakuru yakiwa makavu, na sifa hiyo ni yake kwa haki.

Lakini Molo ni baridi, na Mzee Kimaiyo hakupenda joto lipotee. Aliziba matundu yote ya paa kwa magunia makuukuu. Kuni zilichomwa zikiwa mbichi, na moshi uliovuja kwenye mabomba yaliyopasuka ukakosa pa kutokea. Ulikaa ndani pamoja na vumbi la maua. Wafungashaji walipiga chafya, macho yakawawasha, na jioni walikohoa njia nzima hadi nyumbani. Yeye aliona moshi mwingi ni dalili ya kazi nyingi.

Dawa yetu ilikuwa maziwa. Kila aliyefanya kazi kwenye vumbi alipewa kikombe kimoja kwa siku ili kusafisha kifua, na aliyegawa ni Mzee Kimaiyo mwenyewe, kwa uzito wa mzee wa kanisa. Aliyelalamika juu ya moshi aliongezewa maziwa. Tulikunywa, tukashukuru, tukaendelea kukohoa.

Aliyeumia zaidi ni Jepkoech, mkuu wa wafungashaji. Kufikia mwaka wa 1954 alikuwa hawezi kulala chali. Zahanati ilimshauri aache vumbi, maana yake aache kazi, naye ni mjane mwenye watoto shuleni. Asubuhi moja alipokea kikombe chake asikinywe. Alikiweka mezani katikati ya magunia, akaendelea kufungasha. Saa sita alimwita Mzee Kimaiyo aje kukitazama. Juu ya maziwa palikuwa na utando wa kijivu. Akamwambia, "Mzee, hii yote iko kwa kifua yangu. Leo kunywa wewe."

Hakunywa. Alileta ngazi, akapanda, akaanza kuchomoa magunia kwenye matundu.

Wiki hiyo umande uliingia na maua yakaota ukungu. Meneja alimweleza kwamba yakiharibika tena, atafute kazi kwingine. Wengi tulidhani magunia yangerudi juu. Badala yake Mzee Kimaiyo alibomoa ua wa ng'ombe wake, uliokuwa wa mwerezi uliokauka miaka mingi, akauleta kuchomwa tanurini. Moto ukawa mkali, moshi ukawa kidogo, na maua yakakauka matundu yakiwa wazi. Ng'ombe nao walikula kabichi za meneja, na kesi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ya ukungu.

Tangu hapo kuni hukaa chini ya bati msimu mzima kabla ya kuchomwa. Mabomba yalizibwa, dohani ikainuliwa juu ya paa, na sakafu hunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa. Vumbi halijaisha, na anayesema limeisha hajashika ufagio. Ila kikohozi kimepungua, na Jepkoech yuko kazini bado. Anatuambia sasa analala chali.

Mzee Kimaiyo, tunakushukuru kwa moto wako, na zaidi kwa siku uliyokubali kwamba umekosea bila kusema. Ng'ombe wako wakuzalie, ua wako mpya usimame, na kifua chako kikutumikie miaka mingi.

Maziwa yako ya kuagwa yako kwenye meza ileile, katikati ya magunia, bila kifuniko tangu asubuhi. Jepkoech atakuletea mwenyewe. Yatazame kwanza, kisha unywe.