Mbuzi Niliyekataa Kumwinua

Nawasalimu wazazi wangu na vijana wenzangu hapa kanisani. Mnajua mimi si mtu wa kusimama mbele. Nimeandika kwa karatasi, nitasoma polepole, mnivumilie.

Nilikuwa nafanya kazi katika stoo ya chakula cha mifugo hapa Kitengela, kupakia magunia kwa lori. Mwaka jana gunia liliteleza kutoka juu likaniangukia mgongoni. Daktari aliandika nipumzike miezi mitatu, na nisiinue kitu kizito kuliko jagi la maji. Kampuni haikunitupa. Ilijaza fomu za fidia, ikawa inanilipa nusu ya mshahara nikiwa nyumbani. Sharti lilikuwa nisifanye kazi nyingine yoyote mpaka daktari aseme nimepona. Niliweka sahihi.

Ndugu zangu, nusu ya mshahara ikishalipa nyumba imekwisha. Mama yangu kule Makueni alipiga simu kuuliza mgongo tu, hakuuliza kingine, na mimi najua jikoni kwake hakukuwa na kitu. Sikumwambia mtu. Hata nyinyi mlipokuja kuniona na unga na sukari, nilisema niko sawa. Aibu ilinifunga mdomo.

Wiki ya tano nikaenda soko la mifugo Kajiado, ambako sijulikani. Nyinyi mliokulia kwa ng'ombe mnaijua kazi niliyopata. Mnunuzi haamini macho peke yake. Anataka mbuzi ainuliwe ndio ajue kama amebeba nyama au amebeba manyoya. Wengi huinua wenyewe, lakini wenye nguo safi hutafuta mtu. Mzee mmoja mfanyabiashara alinijaribu na beberu, nikamtajia kilo zake, na mizani ikasema karibu vile vile. Akacheka, akaniita kijana kwa Kimaasai: "Ero, wewe utakaa na mimi." Tangu siku hiyo niliitwa Mizani.

Kila siku ya soko nilijifunga mgongo kwa leso, nikameza dawa za maumivu, nikaenda. Kesho yake siwezi hata kuinama nivae viatu.

Basi nikanaswa na uongo wangu mwenyewe. Kule kliniki, daktari alishangaa kwamba mgongo uliokuwa unapona sasa unarudi nyuma. Akaniuliza kama kuna kitu ninachobeba. Nikasema hapana. Akaniongezea wiki za kupumzika, na wiki hizo nikazipeleka sokoni. Wenzangu wa stoo walisema najifanya mgonjwa. Wa sokoni walisema nina nguvu za punda. Nilikuwa mgonjwa kweli na mwongo kweli, na singeweza kusema moja bila lingine kutoka. Nikipiga magoti, sikuomba nipone. Niliomba nisionekane.

Siku moja supavaiza wangu wa stoo akaja pale sokoni, anatafuta dume la kupeleka ukweni. Mzee wangu kwa kujivuna akamwambia hakuna haja ya mizani, yuko na kijana. Supavaiza akageuka, akaniona. Akanitazama, mimi natazama mbuzi.

"Haya," akasema. "Niinulie huyu."

Ndugu zangu, nawaambia, mikono yangu ilikuwa tayari chini ya tumbo la mbuzi. Nikiinua, nimejishtaki kwa mwili wangu. Nikikimbia, ni hivyo hivyo.

Nikasema, "Siwezi. Niko na barua ya daktari."

Soko likacheka. Mzee akauliza ni barua gani hiyo, na tangu asubuhi nimeinua mbuzi thelathini. Supavaiza hakucheka. Alimwinua mbuzi mwenyewe, akalipa, akaenda naye.

Nilingoja simu yake siku tatu. Haikuja, na kila ilipolia ya jirani niliangalia yangu. Siku ya nne nikajipeleka ofisini kwake.

Akaniuliza, "Umekuja kuniomba ninyamaze?"

"Hapana. Nimekuja kusema yote."

Nilisema yote, akaandika. Fidia ilisimamishwa, nikapewa barua ya onyo. Daktari naye nilimwambia, akakasirika kuliko wote, kwa sababu alijua nimejifanyia nini. Siku hizi niko kwa geti la stoo, naandika namba za lori, na madereva wananilalamikia kwamba kalamu yangu inatambaa.

Namshukuru supavaiza, ambaye angeweza kunifukuza. Namshukuru daktari. Namshukuru mzee wa Kajiado. Niliporudi kumuaga, alinikatalia hata kumshikia mbuzi kamba, akasema, "Mbuzi ni wengi, mgongo ni mmoja." Na nyinyi hapa, mliponisikia mara ya kwanza, mlinilipia nyumba miezi miwili na hamkunitangaza.

Vijana wenzangu, shida itajeni ikiwa bado ni shida tu, kabla haijawa kosa. Mgongo wangu hautarudi vile ulikuwa, daktari ameniambia wazi. Lakini siku hizi nikisema naumwa, ninaumwa, na anayenisikia ananiletea kiti.