Watumwa Tuliokuwa Nao: Risala ya Wakazi wa Gitwilak

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni wa jimbo letu. Wakuu wa koo za Gitwilak. Ndugu zetu mliokuja kwa boti kutoka kusini. Wazazi, wanafunzi na wageni wote:

MAKARIBISHO

Sisi wakazi wa Gitwilak, wenyeji wa asili wa mto huu, tunakukaribisha. Tunajua ndege yako ilizunguka kwa muda mrefu juu ya ukungu kabla ya kupata mahali pa kutua majini. Ukungu wetu haujui waziri ni nani, tunakuomba uuwie radhi. Supu ya samaki wa samoni iko jikoni, mayai ya samaki wa heringi yapo, na hakuna atakayeruhusiwa kuondoka hapa na njaa.

Umekuja kutufungulia Nyumba ya Historia. Kabla hujavuta pazia la ukuta wa kaskazini, tumeona ni adabu ujue kilichoandikwa nyuma yake na kilifikaje hapo. Ninayesoma ni Corinne Bolton, mwalimu wa shule ya hapa. Maneno ni yetu sote. Palipokuwa na ubishi tumeyaacha kama yalivyosemwa, kwa idhini ya waliosema.

HISTORIA

Tangu meli za Wazungu zifike kwenye mdomo wa mto huu, habari zetu zimesimuliwa na watu wengine. Kwanza tuliambiwa kwamba babu zetu walikuwa hayawani waliovaa magome ya miti, mpaka misheni ilipokuja kuwafanya binadamu. Kwa hadithi hiyo bibi zetu walichapwa shuleni kila walipotamka neno la lugha yao. Baadaye ikaja hadithi ya pili, tamu zaidi, kwamba babu zetu walikuwa malaika wa msituni, hawakugombana, hawakumwaga damu, hawakujua kumiliki kitu. Hadithi hii ya pili huwauzia watalii fulana.

Kamati ya ujenzi iliongozwa na Wilfred Spence, mvuvi na mkuu wa nyumba ya Kunguru, mojawapo ya koo zetu. Ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya maneno ya ukutani, akaisoma ukumbini mbele yetu sote: "Kabla ya meli kufika tuliishi kwa amani na usawa, bila bwana wala mtumwa." Tulipiga makofi.

Aliyesimama ni Lavinia Haldane, ambaye samaki wake wa moshi mnawafahamu. Alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Bila mtumwa?" akasema. "Basi mimi nilitoka wapi, Wilfred? Nilidondoka mawinguni?"

Baadhi yetu tulicheka. Kisha tukaacha.

"Dada Lavinia," Wilfred akamjibu, "hayo ni mambo ya ndani."

"Ndani ya nani? Humo ndani mwenu mimi nakaa mlangoni."

Mheshimiwa, hapa hatuna budi kueleza jambo ambalo kila mtoto wa Gitwilak analijua na hakuna anayefundishwa. Vizazi vingi nyuma, kabla ya meli ya kwanza, mashujaa wa nyumba ya Kunguru walishuka kusini kwa mitumbwi, wakavamia kijiji na kurudi na mateka. Mmoja wao alikuwa msichana. Alichota maji na kubeba kuni za watu wengine hadi kufa kwake. Uzao wake ndio akina Haldane. Mtu asiye na jina la nyumba hana kiti kwenye karamu, na wao hawakupewa jina. Utumwa ulikwisha, kiti hakikuja. Watoto wakigombana uwanjani, tusi la mwisho kwa mtoto wa Haldane limekuwa lile lile: "Rudi kwenye mtumbwi uliokuleta!"

Siku ile tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwalimu, yaani mimi, nilisema kwamba hao waliokuja na meli nao walikuwa na watumwa, tena kwa maelfu, na wao wanaitwa wastaarabu.

"Corinne, mwanangu, mimi sijauliza habari za Wazungu," Lavinia akanikata. "Nauliza habari zetu."

Wilfred akapandisha sauti. "Umesoma gazeti la mjini? Mwandishi wao ameandika kwamba sisi nasi tulikuwa na watumwa, kwa hiyo tufunge midomo kuhusu madai yetu ya kurudishiwa mto. Sasa tumchongee fimbo wenyewe, na kwenye kipini tumfungie kitambaa asijiumize mkono?"

"Fimbo anayo tayari, kaka. Mimi ndiye sina jina."

Wilfred aliondoka ukumbini bila kuvaa koti, na mvua ilikuwa inanyesha. Kamati ikasimama kwa miezi kadhaa. Tuliokuwa marafiki tulipishana dukani tukiangalia rafu.

SAFARI YA KUSINI

Msimu wa heringi Wilfred alikwenda kwenye kibanda cha moshi cha Lavinia. Wenyewe ndio waliotuhadithia. Alisimama nje, akauliza, "Yule bibi yenu aliitwa nani?"

"Mngejua nyie. Nyie ndio mlimnyang'anya."

"Hakuna kitu chochote kilichobaki?"

Kilikuwepo kitu kimoja, wimbo mfupi wa lugha ambayo hakuna Haldane aliyeielewa, uliotoka kwa mama kwenda kwa binti. Lavinia aliuimba huku akigeuza samaki. Wilfred akamwambia, "Jiandae. Bahari ikitulia tunakwenda kusini kuwatafuta wanaoujua."

Walikwenda kwa boti ya Wilfred, pamoja na baadhi yetu. Katika kijiji cha tatu walichofikia, Lavinia aliimba ukumbini, na mama mmoja aitwaye Adelaide Wray, aliyeko hapa leo, akaweka kikombe chake chini akaumalizia. Ni wimbo wa kuwaita watoto kutoka ufukweni maji yanapojaa. Ukoo wake unauimba hadi sasa.

Wilfred alisimama. Alisema kwamba ni nyumba yake iliyomchukua msichana yule, kwamba amekuja kulisema hilo kwa kinywa chake, na kwamba hajui neno la kuongeza.

Mama Adelaide akamsogezea kiti. "Kaa chini, baba," akasema. " Unadhani nyie tu? Sisi nasi tunao watu wenu tuliowateka."

Akanyoosha mkono kuelekea watu wa familia moja waliokuwa wamekaa nyuma kabisa. Hakuna aliyecheka. Mzee wa familia ile alikuwa ameinamisha kichwa, akilia.

MAFANIKIO

Mwaka uliofuata nyumba ya Kunguru iliandaa karamu. Watu wa kusini walileta jina la yule msichana, ambalo ukoo wake haukulisahau, wakamvika Lavinia jina hilo mbele ya mashahidi wa koo zote. Jina lina mahali pake pa kutamkwa na risala hii haina ruhusa ya kulitaja. Familia ile ya nyuma kabisa nayo ilifika, ikaoneshwa ilipokuwa nyumba ya babu zao. Hivi sasa ni uwanja wa mpira. Walisimama golini wakalia, nasi tuliwasubiri.

Baada ya hapo maneno ya ukuta hayakuchukua muda kuandikwa. Aliyeyaandika ni Wilfred, Lavinia akasahihisha. Yanaanza hivi: "Tulikuwa na sheria, mahakama na mashairi. Tuliutunza mto huu ukatutunza. Tulipigana vita, tukachukua watu, tukawafanya watumwa. Haya yote tuliyafanya sisi."

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, wapo wanaosema kwamba kwa kuwa tulikuwa na watumwa, hatuna haki ya kuudai mto. Hoja hiyo hatujaielewa. Mtu akikosea nyumbani kwake, jirani hapewi hati ya nyumba.

Aidha, mwezi uliopita alifika mshauri kutoka serikalini, kijana mpole sana. Alitushauri tuufunike ukuta wa kaskazini mpaka "wakati mwafaka", kwa sababu watalii wanakuja kupumzika na kwa sababu, alisema, maneno yale yatatuumiza. Tulimshukuru kwa huruma yake. Lavinia alimfungia samaki wa kwenda nao.

MAOMBI

Barabara, gati na paa la zahanati tumeshayaomba kwa watangulizi wako, na tutaendelea kuyaomba. Leo ombi letu ni dogo.

Tumesikia kwamba katika hotuba uliyoandaliwa kuna mahali panapotutaja kuwa watu wa amani wasiojua uovu. Aliyeandika alitutakia mema. Tunakuomba, ukifika hapo, upitishe macho bila kusoma. Kisha utembee na Bi Lavinia Haldane hadi ukuta wa kaskazini mkavute pazia pamoja. Na waandishi wa habari wakikuuliza kama babu zetu walikuwa wema au wabaya, usihangaike kututetea. Waelekeze kwetu. Tutakuwa hapa hapa, tunaosha vyombo.

Mheshimiwa Waziri, mto ukupe samaki kila msimu, bahari ikurudishe kwako salama, na wazee wako, pamoja na yote waliyotenda, wapumzike.

Ni sisi,
Nyumba zote za Gitwilak, na ndugu zetu wa kusini