Aliyepiga Chafya Mbele ya Fideli

Pale Biharamulo mjini, ukishuka kutoka stendi kwenda sokoni, kuna benchi lililowahi kuwa mlango wa choo cha shule, na hakuna anayelikalia asiyelijua hilo. Mbele ya benchi Mwanaisha ameweka jiko, birika, sahani ya kashata na redio yake. Wenye benchi ni watatu. Malongo, Msukuma aliyehamia Nyarubungo na mifugo yake, tunamwita Zizi kwa sababu hakuna habari ya dunia asiyoirudisha kwa ng'ombe. Anuari fundi cherehani tunamwita Koti, tangu alipomshonea bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto. Frednand, mwanakwaya kutoka Bisibo, anaitwa Besi, ingawa sauti yake ikishuka chini hukwama kama baiskeli kwenye tope. Wa nne ni mimi, ninayelipwa kuchekesha harusini na hapa nachekesha bure. Asubuhi ile redio ilisema kwamba Fideli Nshimiyimana, mpiga piano, mtoto wa Kanazi kule Ngara aliyewafanya Wazungu wenye tai wasahau kupumua, amezikwa juzi. Kisha wakaweka rekodi ya siku alipokuja kupiga hapa kwetu, ukumbi wa shule. Rekodi hiyo kila mtu anaijua kwa jambo moja: muziki ukiwa umelainika kabisa, mtu anapiga chafya, ukumbi unacheka, piano inanyamaza. Chafya ilipopita tu, Mwanaisha akaizima redio, akasema anaokoa betri. Hatukujali. Benchi lilikuwa limeshawaka.

Koti: Ile chafya ni yangu. Sikiliza inavyomalizika, ina pindo.

Zizi: Yako ni ya mbuzi. Ile ya redioni ni ya mtu aliyelelewa kwa maziwa.

Besi: Ndugu zangu, ile chafya iko kwenye Re. Nani mwingine hapa anaweza kupiga chafya kwenye Re?

Mimi: Besi, wewe hiyo Re kanisani huipati hata ukiimba.

Besi: Kuimba ni kazi. Chafya ni kipaji.

Zizi: Mimi nilikaa mbele kabisa. Ile piano ilikuja na fuso kutoka Mwanza, imefunikwa turubai kama msiba wa tembo. Walipofunua nikaona meno. Meupe, na meusi. Nikasema, huyu mnyama ni mzee.

Koti: Na yale meusi?

Zizi: Magego.

Besi: Zile ni nusu noti.

Zizi: Nusu gego.

Koti: Nyie mliangalia meno, mimi niliangalia mikono. Yule bwana alikuwa na vidole sita kila mkono. Nilitamani nimshonee glavu, nikaona nitapata hasara ya kitambaa.

Zizi: Vinne. Mkamuaji mzuri havihitaji zaidi. Alikuwa anaikamua ile piano. Upande wa kushoto inatoa mtindi, wa kulia maziwa mabichi.

Besi: Na alifumba macho muda wote. Mnajua kwa nini? Aliona mwanamuziki mwenzake nimekaa pale, akapata wasiwasi.

Koti: Chafya yangu ilizima taa.

Zizi: Yangu ilifika Nyarubungo. Kuna ng'ombe wangu alikuwa amekwama kuzaa, akashtuka, ndama huyo nje. Nikamwita Piano. Mpaka leo yupo, mkorofi.

Besi: Yangu iliandikwa. Huko Ulaya wakipiga wimbo ule sasa wanaweka mtu maalumu wa kupiga chafya pale pale. Anavaa suti, anakaa pembeni, akimaliza anainama, anapigiwa makofi.

Mwanaisha alimimina kahawa bila kusema neno. Hilo lingetosha kutushtua, kwa sababu Mwanaisha ana maoni hata kuhusu kivuli cha mtu. Lakini tulikuwa tunasikiliza sauti zetu.

Hapo akaja dada mmoja amejifunga kitenge cheusi, begi begani, viatu vyekundu kwa vumbi la barabara ya Ngara.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu.

– Naitwa Joyceline. Fideli Nshimiyimana alikuwa baba yangu.

Tukasimama wote. Pole, pole sana, Mungu amweke pema. Mwanaisha akampa kikombe. Joyceline akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

– Namtafuta mtu aliyepiga chafya siku ile baba anapiga hapa. Nimeuliza sokoni, nikaambiwa wapo watatu, wote wanakaa kwenye benchi hili.

Ungewaona.

Koti: Mimi ukumbi ule sijui hata mlango uko wapi.

Zizi: Siku hiyo nilikuwa machungani. Ng'ombe wote ni mashahidi.

Besi: Mimi pua yangu imeziba tangu ubatizo.

– Sikuja kugombana, akasema Joyceline. Nataka kumshukuru.

Koti: Ule mlango naanza kuukumbuka.

Zizi: Ng'ombe niliwaacha na jirani.

Besi: Imezibuka.

Joyceline hakucheka. Akatoa simu.

– Rekodi za baba ninazo zote, na ndani ya zote kuna mikono yake tu. Baba hakuwa msemaji. Hata simu alikuwa anaipokea kwa kukohoa, ukishakata unajiuliza kama ulikuwa unaongea naye au na mgonjwa mwingine. Hii ya Biharamulo ndiyo peke yake yenye sauti yake. Baada ya chafya anamwambia mtu neno, lakini kicheko kimelifunika. Nimesikiliza mpaka masikio yameuma. Mwenye chafya lazima alikuwa karibu naye. Alimwambia nini?

Koti akawahi.

Koti: Alisema... afya.

– Ni refu kidogo kuliko hilo, baba.

Besi: Asante sana kwa mchango wako, Frednand wa Bisibo.

– Ni fupi kidogo.

Zizi: Bishaneni tu. Hii inapimika.

Akatoa kikopo cha ugoro. Kila mmoja anuse, apige chafya, dada alinganishe na simu. Basi wazee watatu wakavuta ugoro, wakainua pua mbinguni, midomo wazi, macho yamefinywa, kama makinda yanayosubiri mama. Tukasubiri. Koti akatoa chozi. Besi akatoa mbweu, akauliza kama inahesabiwa. Zizi akatoa laana kwa aliyemuuzia ugoro. Ndipo upepo ukapita, ukachukua vumbi la ugoro kutoka kwenye kikopo, ukalivusha jiko.

Chafya ikatokea nyuma ya birika. Ndogo, kali, ya vipande viwili: cha kwanza kama mfuniko unaoruka, cha pili kama mlango unaofungwa.

Joyceline akainua kichwa. Hakuhitaji kuwasha simu.

Mwanaisha alikuwa anajifuta pua kwa ncha ya mtandio.

– Nilipelekwa kuwahudumia wageni kahawa, akasema. Nimekaa chini, karibu na miguu yake, chupa nimezipakata. Ikanitoka. Wakacheka ukumbi mzima. Nikainuka niondoke. Baba yako akageuka, akaniambia, usitoke, dada.

– Na wewe?

– Nikatoka.

Joyceline akaweka simu sikioni. Akasikiliza kipande kile mara moja tu.

– Usitoke, dada, akasema. Ndiyo. Ndiyo hilo hilo.

Alirudia tena, polepole, kwa sauti ya chini, ya kiume kidogo.

– Na alichopiga baadaye, ulikisikia?

– Sijawahi. Redio ikifika pale huwa nazima.

Besi alihama bila kuambiwa. Mwanaisha akakaa kwenye benchi letu kwa mara ya kwanza tangu alipolileta, na Joyceline akatoa hedifoni begini, akamvisha juu ya mtandio. Kahawa ikafurika, ikazomea kwenye mkaa. Hakuna aliyeiepua. Mwanaisha alikuwa amefumba macho, na kidole chake kimoja kinatembea juu ya goti.

Sasa ndipo ugoro wa Zizi ulipokumbuka kazi yake. Chafya yake ilikuwa kweli ya mtu aliyelelewa kwa maziwa. Kashata ziliruka sahanini. Koti akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nilishindwa, nikacheka. Zizi akaokota fimbo yake, akainamisha kichwa, akaanza kuondoka.

Mwanaisha hakufumbua macho. Alinyoosha mkono tu, akamkamata shati.

– Usitoke, Zizi. Bado anapiga.