Zamu ya Babu Orest

— Ambulensi inapita mbele ya kliniki yetu kama haioni taa, Ardith. Kilomita mia na arobaini hadi mjini. Huko ni kuua watu.

— Kuua ni kumpeleka mwenye kiharusi mahali pasipo mashine ya kupiga picha ya kichwa. Soma tangazo, Lorne.

Tangazo la mpango wa nchi nzima wa kupeleka wagonjwa wa kiharusi moja kwa moja mjini lilibandikwa jana juu ya benchi lao, kwenye ukumbi wa kuteleza kwenye barafu wa kijijini kwetu, jimboni Saskatchewan. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, piga simu. Usimwendeshe mgonjwa mwenyewe. Waliokaa chini yake ni wale wale wa kila asubuhi: Lorne, tunayemwita Trekta; Ardith, au Meya, aliyekuwa diwani zamani; Wendell, yaani Redio; na babu yangu Orest, tunayemwita Kimya. Kila wakitaka kahawa wanarusha dadu kujua nani atalipa. Mimi ndiye mmiminaji. Niliacha shule mwaka jana mama alipopooza. Tulimkimbiza kliniki ya hapa kwa pikapu, zikapotea saa tatu kabla ya kupelekwa mjini. Sasa nyumbani anayetutegemeza ni Babu.

— Tukizoea kupitwa, akasema Redio, wataifunga kliniki. Halafu posta. Halafu barabara.

— Barabara inafungwaje?

— Wanaacha kuzoa theluji. Mpwa wangu ameona ramani yao. Kila kijiji kina rangi. Sisi kijivu.

— Kijivu maana yake nini?

— Wa kufia njiani.

— Mpwa yupi? akauliza Meya. Yule aliyeona kangaruu mjini Moose Jaw?

Redio akacheka peke yake. Trekta alikuwa anaangalia mikono yake.

— Mimi naogopa lile gari, akasema taratibu. Kufa nikiangalia dari, na mtu nisiyemjua kanishika mkono.

Redio akamsogezea babu yangu dadu.

— Kimya, zamu yako.

— Mrushie wewe, Meya, akasema Trekta. Si unamjua.

Meya akamrushia, kama alivyomrushia mzunguko uliopita. Nikaenda na birika. Kikombe cha Babu kilikuwa kimelala kwenye paja lake, suruali imelowa, kahawa imeshapoa. Hakuwa ameondoa mkono.

— Babu. Inua mikono yote miwili.

Ukapanda mmoja. Mdomo wake ulijaribu jina langu, likatoka nusu.

Nikapiga simu. Nilipogeuka, Trekta alikuwa na funguo mkononi.

— Injini ya pikapu yangu imeshapata moto, binti. Kliniki ni dakika mbili.

Nikasimama mbele yake.

— Mama alikwenda kwa pikapu, mzee.

Akaziweka funguo juu ya benchi. Tukamshikilia Babu asianguke, Redio akimfuta mate kwa skafu yake mwenyewe, mpaka tukasikia king'ora. Mama mmoja, mhudumu wa ambulensi, akafungua mlango, baridi ikaingia pamoja naye.

— Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?

Meya akatazama dadu. Redio akatazama vikombe, akavihesabu kwa kidole, akaacha. Mimi nilikuwa nimemmiminia mara tatu, na mara zote tatu nilitazama kikombe, si uso wake.

— Huwa haongei, akasema Trekta.

Walipokwisha kumfunga kwenye machela, yule mama akageuka tena mlangoni.

— Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hospitalini hawampi mtu bila kujua kiharusi kilianza lini. Nipeni saa. Saa yoyote mliyo na hakika nayo.