Manang Consorcia na Simu Iliyosikia Nyusi

Baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya kusafirisha sukari guru hapa Iloilo, Ufilipino, Mkuu wa Ununuzi, Consorcia Palabrica, ambaye sote tunamwita Manang, yaani dada mkubwa, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu mwenye adabu. Wenye adabu wote wako likizo, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi, Marilou wa dawati la nyaraka, ambaye Manang ameniita Inday, yaani binti, tangu siku ya kwanza na kunituma kahawa tangu siku ya pili.

Aliajiriwa kununua karatasi na wino. Wateja wa ng'ambo walipoacha kuja kwa ndege wakaanza kufanya mikutano kwa simu, meneja wetu, Sir Rogelio Padernal, alimkabidhi kazi ya kuchagua hedifoni na simu za mikutano. Hakuna mwingine aliyeitaka. Manang aliipokea kama mtu aliyepewa uaskofu, na kuanzia hapo hakuna waya ulioingia ofisini bila baraka zake.

Wauzaji walikuja kutoka Manila na vitabu vyao vya picha zinazong'aa. Manang hakufungua hata kimoja. Alimvisha muuzaji hedifoni zake mwenyewe, akampeleka kantini, akamwagizia bakuli la batchoy ya moto na kumwambia amalize tambi, ini na mchuzi wote bila kuzivua. "Toto, masikio yameshakutoka jasho na ini hujaligusa," alimwambia mmoja. "Watu wangu wana mikutano ya saa mbili. Zirudishe ulikozitoa." Yule kijana alizirudisha, ila batchoy aliimaliza.

Jaribio la pili lilikuwa nywele zake. Tangu ujana wake Manang hupandisha nywele juu na kuzipulizia dawa mpaka zinakuwa ngumu, na hedifoni ambayo haikuweza kupita juu ya mnara ule ilikataliwa. Ndiyo maana kwa miaka mingi ofisi nzima tulivaa hedifoni za kupitisha nyuma ya shingo, tukafanana na madaktari waliosahau wagonjwa wao.

Simu za mikutano alizijaribu kwa karaoke. Alimpigia dada yake aliyeko Bacolod, akaiweka simu mezani, akasimama kule mlangoni na kuimba wimbo wa mapenzi mpaka mwisho. Dada akilia, simu inanunuliwa. Dada akikata simu, inanunuliwa pia, maana amesikia. Iliyokataliwa ni ile tu ambayo dada aliuliza, "Nani mwenzangu?"

Alikosea pia, tena vizuri. Jirani yetu anafuga majogoo wa kupigana, nao waliingilia kila mkutano. Manang akanunua simu yenye uwezo wa kuchuja kelele. Majogoo wakatoweka kabisa, na Sir Rogelio akatoweka pamoja nao, kwa sababu simu ilishindwa kutofautisha sauti yake na yao. Alihutubia wateja karibu nusu saa bila neno lake hata moja kufika. Wafanyakazi tuliomba simu ile ibaki, lakini hatukukubaliwa.

Sasa tufike kwenye lile la Rotterdam. Mteja wetu mkubwa, wa huko Uholanzi, ni Bwana Teunis, na sukari anayonunua ndiyo inayoweka ghala letu wazi. Mwaka ule wa kuandika mkataba upya, Manang alikuwa ametoka kununua simu mpya, nyeusi, ya duara, kama bibingka, keki yetu ya mchele, iliyoungua. Tukaizunguka. Bwana Teunis akauliza kama tutaweza kupakia mzigo kabla ya mvua. Sote tukainua nyusi. Akauliza nani atasimamia magunia. Tukamwonyesha Berto wa ghalani kwa midomo, naye Berto akainua nyusi kwa heshima zote. "Halo? Bado mpo?" akauliza. Tulikuwepo, na tulikuwa tunamkubalia kwa nyusi, kwa nguvu zetu zote. Mwishowe akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba inaonekana hatutaki, na kama hatatusikia tukikubali siku ya Ijumaa, atanunua kwingine.

Sir Rogelio aliitazama ile simu, kisha akamtazama aliyeinunua. "Manang, chombo chako ni kibovu. Teunis akiondoka, ghala linafungwa, na Berto na wenzake wanarudi nyumbani."

"Kama ni chombo changu kitakachomtoa Berto kazini," Manang akajibu, "basi nitakibeba mwenyewe, tutatoka mlango mmoja, na hamtaniona tena." Akainama, akatoa ndara zake za kuvalia ofisini chini ya meza na kuzitia kwenye mfuko. Hapo sote tukanywea. Mtu wa hapa akiondoa ndara zake ofisini, hatanii.

Aliijaribu simu ile kila siku. Aliimba, na dada yake akalia vizuri tu. Alhamisi akatuambia tukae kama mkutanoni, akaenda chumba cha pili na hedifoni masikioni, akawa yeye ndiye Rotterdam. Akauliza, "Mmeshakula?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akafungua mlango na kutukuta tumeinua nyusi sote, na Berto anaielekezea midomo sahani tupu.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe simu ni nzima. Wabovu ni nyinyi."

Akatufundisha kusema ndiyo kwa mdomo. Tulijaribu kwa moyo wote, lakini nyusi zilitangulia, na mdomo ukiona kazi imeshafanyika, unapumzika. Basi Ijumaa tulipoingia, kila mmoja alikuta mbele yake glasi na kijiko kutoka kantini. Amri ilikuwa moja: atakayeinua nyusi, agonge.

Bwana Teunis akauliza kuhusu mvua. Ting, ting, ting, meza nzima. Akauliza hiyo ni nini. Sir Rogelio akaanza maelezo yenye utangulizi, Manang akamsogeza kwa kiwiko. "Bwana Teunis, hiyo ni ndiyo. Huku kwetu ndiyo inakaa juu ya macho, na wewe huko huioni. Tumeifunga kengele." Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. Alipouliza habari za magunia, Berto aligonga mpaka glasi ikapasuka. Mkataba ukapita, na ndara zilirudi chini ya meza kabla simu haijazimwa.

Tangu siku ile, kila simu ya mikutano aliyoinunua Manang imekuja na vijiko vyake. Ghala liko wazi mpaka leo, na Berto ndiye anayekata keki kwenye sherehe hii.

Wiki iliyopita ulikuwa mkutano wake wa mwisho. Sir Rogelio alimtangazia Bwana Teunis kwamba Manang anastaafu, akamuuliza kama huko Rotterdam watamkumbuka. Simu ikawa kimya. Manang alikunja mikono akaangalia dirishani, kama mtu asiyejali jibu, na aliyejali kuliko wote alikuwa yeye. Sir Rogelio alishanyoosha mkono kuongeza sauti, ndipo ikasikika kutoka ng'ambo: ting. Kisha nyingine kwa mbali kidogo, kisha nyingi kwa pamoja, ofisi nzima ya watu ambao hatujawahi kuwaona.

Manang, aliyeziimbia simu zote za jengo hili, alikosa sauti. Aliinua nyusi tu, macho yamejaa maji. Kijiko hakuwa nacho, alikuwa ameshakirudisha kantini. Basi Berto akachukua chake akamgongea.

Asante, Manang, kwa masikio yetu uliyoyatunza na kwa ghala uliloliokoa. Ndara zako tumezifunga kwa utepe, na tumelia tukizifunga. Nenda kaimbe kwa dada yako Bacolod, ana kwa ana, asipate pa kukata simu. Tunakutakia maisha mema, yenye batchoy ya moto na jirani asiye na jogoo. Na siku ukitukumbuka, usihangaike kupiga. Inua nyusi tu, tutasikia.